Fremu, Usukani, Uma wa Mbele

Machi 3

Mvua ya kwanza imeanza leo mchana, nikiwa dukani nampima macho mama mmoja aliyekataa katakata kwamba haoni mbali, huku akizungumza na koti langu lililotundikwa ukutani. Nimeanza kuandika haya kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Anasema tangu mdogo wangu augue nimekuwa redio isiyozimwa, na afadhali redio, maana hiyo hupiga na muziki.

Basi niandike. Mdogo wangu, fundi baiskeli, alipigwa na kiharusi mwezi uliopita, amechutama karakanani kwake mbele ya gurudumu la mtu. Mguu umerudi kiasi. Anatembea akishika ukuta. Mkono wa kulia umelala pajani kama mgeni asiyejua aende lini. Lakini maneno ndiyo yamekwenda. Anakutazama, anaelewa, anafungua mdomo, hakitoki kitu. Na huyu ndiye mtu ambaye hakuweza kuniita "Kaka" bila kuongeza ombi au kejeli.

Machi 5

Hospitali. Mtaalamu wa usemi ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, ana sauti ya mtu anayemtuliza paka. Alituambia, mimi na shemeji, mke wa mdogo wangu, kwamba maneno yatakayorudi mengi hurudi mapema, mlango ungali wazi. Baadaye yakirudi hurudi kwa tabu, au hayarudi.

"Msimu huu wa mvua ndio wetu," alisema. "Kaeni naye. Ongeeni naye kuhusu vitu anavyovipenda. Ila msimfanyie mtihani."

Niliitikia kwa kichwa, kama wateja wangu wanavyoitikia nikiwaambia wasifute miwani kwa shati.

Anachokipenda nakijua. Kimeegemezwa ukutani sebuleni kwake: baiskeli ya mlimani aliyoiunda mwenyewe, kipande hiki kutoka huku, kile kutoka kule, mpaka ikawa kitu cha kutisha chenye matairi manene kama mikono ya mbeba mizigo. Kila Jumapili alipanda nayo vilima vya nyuma ya mji, akarudi na matope hadi kwenye nyusi. Nimeamua: maneno yake yatarudi kwa njia ya baiskeli ile. Nitaonyesha, atataja. Si ndiyo kazi yangu ya miaka yote? Nanyoosha fimbo kwenye ubao wa herufi, mtu anataja. Akishindwa, namwekea lenzi nyingine.

Kuna tatizo dogo. Sijui baiskeli. Najua ina magurudumu mawili, na moja hufuata jingine.

Machi 6

Nimekwenda kwa Spana, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, mpinzani wa mdogo wangu tangu wakiwa vijana. Nilimkuta amekaa juu ya tairi, anakula karanga.

"Nifundishe baiskeli," nikamwambia.

"Kupanda?"

"Kuitaja. Ile ya mlimani. Kipande kwa kipande."

Akaacha kutafuna. Alijua ni kwa ajili ya nani. Akaivuta moja ya mteja, akanishikisha bomba la katikati.

"Hicho ulichoshika ni nini?"

"Chuma."

"Chuma. Na wewe ni nyama. Hiyo ni fremu, muuza miwani. Mifupa. Vingine vyote vinaning'inia hapo."

Tukaendelea. Uma wa mbele unalishika gurudumu kama vidole viwili. Wa baiskeli ya kawaida ni mkavu: ukigonga jiwe, jiwe linakufikia mabegani. Wa baiskeli ya mlimani una shokapu ndani, unabonyea na kurudi. Nikaubonyeza. Ukarudi. Nikaubonyeza tena.

"Inatosha, si kengele ya mlango hiyo."

Breki zake hazibani rimu. Katikati ya gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma, diski, inayobanwa na pedi mbili, ili hata rimu ikijaa matope bado unasimama. Na nyuma, chini, kuna kimkono chenye vigurudumu viwili vidogo. Hicho ndicho kinachoihamisha cheni kutoka meno madogo kwenda makubwa.

"Kilima kikianza unabadilisha gia kabla hujachoka," alisema Spana. "Si baada. Watu wa makamo kama wewe hubadilisha wakishasimama."

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mdogo wako alikuwa akinicheka kwenye gia. Alisema nazisikiliza kwa kisogo." Akarudi kwenye karanga zake.

Machi 8

Somo la kwanza. Nilimketisha kwenye kiti chake, nikaivuta baiskeli katikati ya chumba, nikagusa bomba.

"Fremu. Sema, fremu."

Akanitazama mimi, akaitazama fremu. Midomo ikajikusanya. Jasho likamtoka. Hakuna.

Nikaenda usukani, nikaenda breki, nikaenda uma, nikazunguka baiskeli nzima kama dalali wa mnada. Kila kipande alijaribu. Hakuruka hata kimoja. Mdogo wangu amenitii tangu utotoni: nikimtuma anakwenda, hata kama atakwenda akinung'unika.

Shemeji alikuwa amekaa na sisi. Tulipofika kwenye spoki akanyanyuka, akaenda jikoni.

Machi 9

Mvua. Hakuna neno.

Machi 10

Mvua. Hakuna neno. Jikoni sufuria ilianguka. Nadhani ilitupwa.

Machi 14

Sipendi kumsema shemeji, na hapa ninaposema nasema na karatasi. Lakini nikifika tu, yeye anapata kazi ya kufanya kwingine. Ananikaribisha vizuri, "Shikamoo shemeji, pita," chai inakuja, kisha haonekani. Leo nilimwomba akae, mume wake azizoee sauti mbili. Akasema ana nguo za kuanua. Nguo zipi, na mvua imenyesha tangu alfajiri?

Nimemwambia mke wangu kwamba yule amekata tamaa mapema. Mke wangu akasema, "Wewe huko unakaa saa moja. Yeye anakaa nyingine zote." Sikupenda jibu hilo, kwa hiyo nikalala.

Machi 19

"Fre."

Amesema "fre". Nimeliandika mara mbili, kama unavyoona, ewe nani sijui unayesoma. Nilimbusu kipara.

Machi 20

Mvua. "Fre."

Machi 28

Fremu. Yote. Kisha usukani, ingawa s yake ilikuwa na mate mengi. Wateja wawili walikuja kuchukua baiskeli zao karakanani. Spana alinisaidia kuwatafutia. Mmoja aliuliza fundi atarudi lini. Nikasema, "Ameshafika kwenye usukani."

Aprili 6

Barabara ya kwake imekuwa mto. Nilivua viatu nikavuka nimevishika mkononi, suruali magotini, mtu mzima na miwani yangu ya dhahabu. Nikamkuta ameshaketi, ananisubiri, uso wake umeelekea baiskeli. Kabla sijanyoosha kidole akaanza: fremu, usukani, breki, uma. Akasimama hapo, akashusha pumzi kama aliyeshusha gunia.

Nikacheza. Sina aibu kuandika. Nilicheza sebuleni miguu mitupu, na yeye akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka.

Shemeji hakutoka jikoni.

Aprili 15

Wimbo mzima. Fremu, usukani, breki, uma, rimu, spoki, tairi, kiti, pedali, cheni, friwili. Kidole changu kinakwenda, sauti yake inafuata. Friwili hata mimi ilinichukua wiki kuijua, yale meno ya gurudumu la nyuma yanayokuacha uteremke bila kukanyaga pedali.

Dukani leo nimemwuzia mtu fremu ya miwani kwa bei ya kutupa, kwa sababu tu ni fremu.

Aprili 16

Mvua. Wimbo mzima.

Aprili 17

Wimbo mzima. Mke wangu amepika vizuri, au ni mimi.

Aprili 23

Leo ilikuwa hospitali. Nitaandika polepole.

Niliiomba ambulensi ya rafiki, yaani kigari chake cha kubebea mkate, tukaipakia na baiskeli yenyewe. Nilitaka binti yule aone. Shemeji alisema hakuna haja, baiskeli ikae. Nikamwambia, "Shemeji, siku ya harusi mtu haachi bibi harusi nyumbani." Akaufunga mlango wa gari, njia nzima akamshika mumewe mkono ule usiosikia.

Chumbani kwa mtaalamu niliisimamisha baiskeli, nikanyoosha kidole, mdogo wangu akaimba. Fremu hadi friwili. Nikageuka kumtazama yule binti kama mzazi siku ya kupokea zawadi.

Alitabasamu. Akasema, "Vizuri sana, baba." Kisha akainama, taratibu, akashika pedali. "Na hii?"

Mdogo wangu akatazama pedali. Akafungua mdomo.

"Fremu," akasema.

"Hii?" Akagusa kiti.

"Fremu. Usu. Usukani." Macho yake yakanitafuta. Akaanza upya, haraka, kama mtu anayerudi mlangoni akumbuke alichofuata chumbani: fremu, usukani, breki, uma, rimu. Kidole cha binti bado kilikuwa kwenye kiti. Mdogo wangu akakipita kiti, akaenda hadi friwili.

Binti akakiondoa kidole. Akamletea maji. Kwangu akasema kwa ile sauti ya paka, "Ameshika mfuatano. Hutokea. Kama mtu anavyoimba wimbo bila kuyajua maneno yake. Maneno yenyewe bado hayajarudi."

Sasa nisikilize wewe karatasi. Mimi ni mtu wa ubao wa herufi. Kila mwezi wanakuja madereva wanaotaka cheti cha macho, wanakaa kwenye benchi, wanamsikia aliyetangulia anavyotaja, wanakariri. Anasimama mtu asiyeona hata ubao ulipo, anataja mistari yote bila kosa. Ndiyo maana nina mbao tatu nyuma ya mlango, na huzibadilisha. Hakuna dereva aliyenipita. Nimejisifu kwa hilo harusini na misibani. Na kwa mdogo wangu, tangu Machi, kidole changu hakijawahi kuanza kwingine ila kwenye fremu.

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Sijui wahenga wale walinunua wapi miwani yao.

Aprili 24

Nilikwenda si kwa somo. Mdogo wangu alikuwa amelala. Shemeji alikuwa jikoni anachambua maharage, nami nikakaa kwenye kibao cha chini kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

"Ulijua," nikamwambia.

Akachambua.

"Shemeji, ulijua kwamba anakariri."

"Nilimkaririsha mimi," akasema.

Nikadhani sikusikia. Akasema tena, mikono yake haikusimama.

"Kila asubuhi, kabla hujaja. Namshika kidole, tunaanza fremu. Akikosea tunarudi. Mimi friwili siijui hata ni ipi, nilikuwa nakusikia wewe kupitia ukutani."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa ukiondoka, yeye analia. Wiki zile za kwanza. Ukishafunga mlango, anageukia ukuta analia mpaka chakula kinapoa. Si kwa kushindwa kusema. Kwa kukuangusha wewe. Hujui anavyokuhofia? Hajawahi kukuhofia kwa ubaya, ila wewe ni mkubwa wake." Akapuliza maganda. "Halafu siku aliyosema 'fre' ulimbusu, na jioni ile alikula vizuri. Nikaona, basi, kama ni hicho kinachotakiwa, kipatikane."

"Ungeniambia niache."

"Nikuambie mimi? Wewe?" Akanitazama kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Umevuka maji umevua viatu, shemeji. Umecheza. Mtu anakuja na mapenzi yote hayo, nani atasimama mlangoni amwambie rudi? Nilikuwa nakimbilia jikoni nisikuangalie usoni."

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, maana hiyo ndiyo tabia yangu nikibanwa. Badala yake nikachota maharage, nikaanza kuchambua.

Nimeandika hapo nyuma kwamba alikata tamaa mapema. Siifuti sentensi ile. Ibaki inizomee. Aliyekuwa akifundisha ni yeye, asubuhi kwa asubuhi, na hakuwa akimfundisha mumewe kusema. Alikuwa akimfundisha kunifurahisha. Na zile asubuhi zingeweza kuwa za kukaa tu wawili na kuongea mambo yao, kama yule binti alivyosema tangu siku ya kwanza nilipokuwa naitikia kwa kichwa.

Aprili 25

Mvua.

Aprili 26

Mvua. Sikwenda.

Aprili 30

Sikwenda. Dereva mmoja alikariri ubao, nikamwacha apite. Baadaye nikamkimbilia barabarani nikamnyang'anya cheti. Akaniita mwendawazimu. Sikubisha.

Mei 4

Nimemweleza Spana. Alisikiliza akizungusha gurudumu ovyo.

"Kwa hiyo alikuwa anaimba tu."

"Anaimba tu."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe sasa unavijua vyote?"

Navijua. Spana anifumbe macho, nitamtajia kila kipande kwa kukigusa; najua cheni kavu inavyolia na waya wa gia uliolegea unavyofanya cheni irukeruke. Mtu mmoja wa nyumba ile alitakiwa aelewe baiskeli msimu huu, na Mungu akakosea anwani.

Mei 11

Hospitali, bila baiskeli. Binti alimpima muda mrefu. Alituambia mkono unaweza kushika kikombe mwakani. Kuhusu maneno, alitafuta maneno yeye mwenyewe. Mlango haujafungwa kabisa, alisema, lakini tusiusukume. Na karakana? nikauliza. Akatazama chini. Shemeji akasema, "Tumeelewa, dada." Akamfunga mumewe vifungo vya shati.

Nje mvua ilikuwa nyembamba, ya kumalizia.

Mei 13

Mke wangu ananikataza. Shemeji amesema kwa adabu zake zote, "Pumzika kidogo, shemeji." Lakini nimefikiri usiku na mchana, na naona kosa lilikuwa mfuatano tu. Nikibadilisha ubao? Nianze na kiti, niruke kwenye cheni, nirudi kwenye breki? Labda chini ya wimbo kuna neno moja lililoshika mizizi. Moja tu, sitaki mengi.

Najijua. Mimi ni muuza miwani; siku zote naamini ipo lenzi nyingine kwenye sanduku.

Mei 14

Nilianza na kiti. "Fremu," akasema. Cheni. "Fremu." Alinitazama kama mbwa anayepigwa na mtu anayempenda. Nikaendelea mpaka mwisho. Nimeandika ukweli: niliendelea mpaka mwisho.

Mei 15

Vilevile.

Mei 16

Vilevile. Shemeji hakuleta chai.

Mei 18

Mvua haikunyesha leo. Mawingu yamebaki juu ya vilima vile alivyokuwa akipanda. Somo: fremu, fremu, fremu.

Mei 21

Nilifika alasiri. Mvua ilikuwa imerudi kwa mara ya mwisho, matone makubwa machache, kama mtu anayekung'uta mikono akiondoka. Niliivuta baiskeli katikati ya chumba, nikachutama nyuma yake, nikagusa kile kimkono cha gia ambacho kwenye wimbo hakikuwemo kabisa.

"Hii nini, mdogo wangu?"

Akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vya fundi bado vina nguvu, nilisikia mfupa.

"Sitaki," akasema.

Haikuwa sauti ya wimbo. Ilikuwa yake, ile ya karakanani mteja akimletea spoki iliyopinda na kumwambia aifunge hivyo hivyo. Niliitambua kabla ya kulielewa neno.

Maisha yetu yote hajawahi kuniambia hivyo. Nikimtuma alisema, "Nitaangalia, Kaka," kisha hakufanya, na tukaishi vizuri. Sasa hana pa kujificha. Neno alilonalo ni hilo.

Na mimi, hebu nione nilichofanya. Nikasogea karibu, nikamwuliza, "Hutaki nini? Sema, hutaki nini?"

Akafungua mdomo. Nilimwona anakwenda kulitafuta huko ndani, chumba baada ya chumba, na vyote vimehamwa. Shingo ikamsimama mishipa. Machozi yakaanza. Hakuniachia mkono.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni.

"Amesema," akasema.

"Amesema."

"Mwenyewe. Si mimi niliyemfundisha hilo."

"Najua."

Nikamwomba mdogo wangu aniachie. Akaniachia. Nikasimama, magoti yakilia kuliko cheni yoyote, nikaisukuma baiskeli hadi nje, nikailaza chini ya dirisha, nikafunga mlango. Nikarudi, nikavuta kiti, nikakaa karibu naye upande wa mkono mzima.

Yeye alijifuta uso kwa bega. Akanitazama, akasubiri.

Nikatafuta kitu cha kumwambia kisichokuwa swali. Nilikaa hapo hadi giza likaingia, na sikukipata.